Kubadili Fani Mwishoni: Wanafunzi wa Udaktari wa Marekani na Kinyang'anyiro cha Nafasi za Ubingwa

Swali la ni lini mwanafunzi wa udaktari nchini Marekani huwa amechelewa kubadili fani anayotaka kubobea haliwezi kujibiwa kwa kutazama umri wake wala kiwango cha elimu yake, kwa kuwa jibu lake limo katika kalenda, nayo kalenda hiyo imepangwa kwa mahitaji ya ajira zaidi kuliko kwa mahitaji ya kufundisha. Shule ya udaktari nchini humo huanza baada ya shahada ya kwanza na huchukua miaka minne. Anayehitimu huitwa daktari, lakini hawezi kutibu wagonjwa kwa kujitegemea mpaka apitie mafunzo ya ubingwa, yaani kipindi ambacho daktari kijana huajiriwa na hospitali, hulipwa mshahara, na hutibu chini ya usimamizi wa wakubwa wake. Kipindi hicho ni miaka 3 kwa magonjwa ya ndani, magonjwa ya watoto na udaktari wa familia, miaka 5 kwa upasuaji wa jumla na upasuaji wa mifupa, na hufika miaka 7 kwa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Fani anayoingia nayo mhitimu katika mafunzo hayo ndiyo, kwa kawaida, itakayoamua saa zake za kazi, kipato chake na aina ya wagonjwa atakaowaona mpaka anastaafu.

Kuchelewa, katika lugha ya wanaohusika, huwa na maana ya kubadili nia kati ya nusu ya pili ya mwaka wa tatu na miezi ya mwanzo ya mwaka wa nne. Maombi ya nafasi za ubingwa hufika kwenye hospitali mwishoni mwa Septemba ya mwaka wa nne, usaili hufanyika kati ya Oktoba na Januari, orodha za mapendeleo hufungwa mwanzoni mwa Machi, matokeo hutangazwa Ijumaa ya wiki ya tatu ya mwezi huohuo, na kazi huanza mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Anayegundua mwezi wa Mei kwamba anataka magonjwa ya ngozi badala ya magonjwa ya watoto amebakiwa na takriban miezi minne ya kukusanya ushahidi ambao wenzake wameukusanya kwa miaka mitatu. Hoja itakayojengwa hapa ni kwamba utaratibu wa kitaifa wa kuwagawa wahitimu, unaoogopwa sana na wanafunzi, hauwaadhibu kabisa waliobadili nia. Adhabu hutolewa mapema zaidi, katika hatua ambazo hakuna kanuni ya kitaifa inayozisimamia, na hatua hizo zimeurudisha kwa mlango mwingine ugonjwa uleule ambao utaratibu huo uliundwa kuutibu.

Ugonjwa huo ulianza katika karne ya ishirini ilipokuwa bado changa, wakati hospitali zilipokuwa na nafasi nyingi za mafunzo kuliko wahitimu waliokuwepo. Kila hospitali iliona kwamba njia ya kumpata kijana mzuri ni kumwahi kabla jirani hajamwahi, na kila jirani akafikiri vivyo hivyo, hata ilipofika katikati ya miaka ya 1940 mikataba ikawa inafungwa miaka miwili kabla ya mwanafunzi kuhitimu. Hospitali zilimwajiri mtu ambaye hajaonyesha bado ana uwezo gani wodini, na mwanafunzi aliahidi kazi kabla hajazijua wodi zenyewe. Mwaka 1945 shule za udaktari zilikubaliana kutotoa matokeo ya mitihani wala barua za mapendekezo kabla ya tarehe maalumu, na kwa hatua hiyo mbio za kuwahi zilizuiwa, lakini ikazuka shida nyingine: hospitali sasa zilitoa ofa zenye muda mfupi sana wa kujibu, muda uliopunguzwa mwaka hadi mwaka kutoka siku kumi hadi saa chache, ili mwanafunzi alazimike kukubali kabla hajasikia kutoka mahali anapopataka zaidi.

Mnamo 1951 lilijaribiwa pendekezo la kukusanya orodha za pande zote mbili mahali pamoja na kuzioanisha kwa kanuni moja. Wanafunzi waliichunguza kanuni hiyo wakagundua kasoro kubwa, kwamba mtu aliyeiweka hospitali ngumu kuipata katika nafasi ya kwanza angeweza kuipoteza pia ile ya pili ambayo angeipata kama angeitaja kwanza, kwa hiyo ukweli wake ungemponza. Walipinga, kanuni ikabadilishwa, na uoanishaji wa kwanza ukafanyika mwaka 1952 chini ya chombo ambacho leo kinajulikana kwa kifupi kama NRMP. Miaka kumi baadaye wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, walichapisha makala kuhusu namna ya kuunda ndoa zisizovunjika kati ya makundi mawili ambayo kila mmoja ana mapendeleo yake; mwaka 1984 mchumi Alvin Roth akaonyesha kwamba kanuni iliyokuwa ikitumiwa na madaktari ilikuwa, kwa asili yake, ileile ya wanahisabati hao. Roth akishirikiana na Elliott Peranson aliitengeneza upya ili ianze kwa mapendeleo ya waombaji badala ya yale ya hospitali, na toleo hilo limetumika tangu 1998. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2012 ilitolewa kwa Roth na Shapley. Gale alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2008.

Inafaa kueleza jinsi kanuni hii inavyofanya kazi, maana ushauri mwingi mbaya unaotolewa kwa waliobadili fani hutokana na kutoielewa. Baada ya usaili, mwombaji huandika programu alizosailiwa kuanzia anayoipenda zaidi, na kila programu huandika waombaji wake kwa mpangilio huohuo. Kompyuta humpeleka mwombaji kwenye chaguo lake la kwanza, na programu humshikilia kwa muda ikiwa bado ina nafasi au ikiwa inampenda kuliko mmoja wa wale inaowashikilia. Anayeondolewa huenda kwenye chaguo lake linalofuata, na huko hupimwa kwa haki ileile kama kwamba amelitaja mwanzo. Hakuna nafasi inayofungwa mpaka wote wafikie mwisho wa safari zao. Matokeo yake ni kwamba mwombaji hapotezi chochote kwa kuitaja kwanza programu asiyoitarajia, na orodha moja inaweza kuchanganya fani mbili au tatu bila kanuni kujali. Aliyebadili nia kutoka magonjwa ya ndani kwenda upasuaji wa mifupa anaweza kuorodhesha programu zote za mifupa zilizomsaili, kisha akaziweka za magonjwa ya ndani chini yake, na uwezekano wake wa kuzipata hizo za chini hautapungua hata kidogo kwa sababu ya hizo zilizo juu. Kwa upande huu, hofu ya kuadhibiwa kwa kuthubutu haina msingi tangu wanafunzi wa 1951 walipokataa kuikubali kanuni ya awali.

Kanuni, hata hivyo, huanza kazi mahali ambapo usaili umeishia. Programu kwa kawaida haimpangi mtu isiyemsaili, na kuitwa kwenye usaili ni uamuzi wa kamati ya watu wachache wanaosoma mamia ya maombi kwa nafasi ambazo pengine hazizidi tano. Kamati hizo hutafuta vitu ambavyo vyote hudai muda. Cha kwanza ni barua za mapendekezo kutoka kwa mabingwa wa fani ileile, zikiwezekana zilizoandikwa na mtu ambaye jina lake linajulikana kwa wasomaji wa barua hizo. Barua nzuri ya daktari wa watoto haisaidii sana mbele ya wapasuaji wa masikio, pua na koo, hata ikimsifu mwanafunzi kwa sifa ambazo mpasuaji yeyote angezitamani. Cha pili ni mzunguko wa ugenini, yaani mwezi mmoja ambao mwanafunzi wa mwaka wa nne huutumia katika hospitali ya chuo kingine akifanya kazi kama daktari wa ngazi ya chini kabisa, huku wenyeji wakimpima kama wangependa kukesha naye kazini kwa miaka mitano. Katika upasuaji wa mifupa na upasuaji wa ubongo mizunguko hiyo ni kama usaili wa mwezi mzima, na maombi yake hutumwa majira ya kuchipua kwa ajili ya kiangazi kinachofuata. Anayebadili nia mwezi wa Juni hukuta milango mingi imekwisha kufungwa, si kwa kuwa ameonekana hafai, bali kwa kuwa vitanda vya wageni vimejaa.

Cha tatu, ambacho ndicho kilichobadilika zaidi katika miaka ya karibuni, ni utafiti. Mtihani wa kwanza wa leseni, uitwao kwa kifupi Step 1, ulikuwa ukitoa alama za tarakimu ambazo kamati zilizitumia kuchuja waombaji. Kuanzia tarehe 26 Januari 2022 mtihani huo hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Nia ilikuwa njema, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakiyaacha madarasa yao ili wakariri maswali ya mtihani. Lakini kamati hazikuacha kuchuja. Zilihamia kwenye alama za mtihani wa pili, Step 2, na kwenye wingi wa kazi za kitaaluma. Katika takwimu za NRMP za mwaka 2022, wahitimu wa shule za Marekani walioingia magonjwa ya ngozi, upasuaji wa ubongo na upasuaji wa kurekebisha maumbile walikuwa wametaja, kwa wastani, zaidi ya kazi 20 kila mmoja, ikiwa ni jumla ya muhtasari, mawasilisho kwenye mikutano na makala zilizochapishwa. Ni idadi ambayo profesa mwenye shughuli nyingi angeifurahia, na ni vigumu kuamini kwamba zote ni utafiti kwa maana yake halisi. Nyingi ni maelezo ya mgonjwa mmoja au uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali uliogawanywa vipande vipande. Hata hivyo, ziwe nzito au nyepesi, zote huhitaji miezi ya kuandikwa, kusubiri na kukubaliwa.

Hapo ndipo historia inapojirudia. Utaratibu wa 1952 ulikusudia kumpa mwanafunzi nafasi ya kuzifahamu fani kabla ya kuchagua moja, na ulifanikiwa kuuhamisha mkataba hadi mwisho wa masomo. Lakini anayelenga magonjwa ya ngozi leo hutakiwa kujipatia mlezi wa utafiti katika mwaka wa kwanza, pengine hata kabla ya kumgusa mgonjwa, akitaka orodha yake ifikie urefu unaotazamiwa. Mkataba bado hutiwa saini mwaka wa nne, ilhali ahadi imerudi mwaka wa kwanza, na tofauti kati ya hali hii na ile ya 1944 ni kwamba zamani hospitali nayo ilifungwa na ahadi hiyo, wakati sasa anayefungwa ni mwanafunzi peke yake.

Upande wa pili wa tatizo ni mtaala. Kwa mpangilio uliozoeleka, mwanafunzi hutumia mwaka mmoja na nusu hadi miwili darasani na maabara, kisha huzunguka wodini katika fani za msingi: magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, magonjwa ya wanawake na uzazi, magonjwa ya akili, udaktari wa familia, na katika shule nyingi magonjwa ya mishipa ya fahamu. Fani kadhaa zenye ushindani mkubwa hazimo katika orodha hiyo. Magonjwa ya ngozi, macho, masikio, pua na koo, tiba ya saratani kwa mionzi na radiolojia hupatikana kama mizunguko ya hiari ya wiki mbili au nne, mara nyingi mwishoni mwa mwaka wa tatu, na mwanafunzi ambaye hana daktari katika familia yake anaweza kufika hapo bila kujua kwamba kuna mtu anayefanya kazi ya namna hiyo kila siku. Uchunguzi ambao chama cha shule za udaktari, AAMC, huwafanyia wanafunzi wanapoingia na wanapohitimu umeonyesha kwa miaka mingi kwamba chini ya nusu hubaki na fani waliyoitaja siku ya kwanza. Kubadili nia, basi, si kasoro ya tabia. Ni jambo ambalo elimu yenyewe inakusudia litokee, ila limepangiwa kutokea baada ya muda wa kulifaidi kupita.

Tangu janga la korona usaili mwingi umekuwa wa mtandaoni, na kwa kuwa kusafiri hakukugharimu tena, maombi yakazidi kuongezeka. Katika upasuaji wa mifupa mwombaji mmoja alikuwa akituma, kwa wastani, maombi zaidi ya 70. Ili kupunguza mafuriko hayo ulianzishwa utaratibu wa ishara, ambao kwao mwombaji hupewa idadi maalumu ya alama za kuziambia programu kwamba anazitaka kwa dhati. Wapasuaji wa masikio, pua na koo walitangulia katika msimu wa 2020 hadi 2021, na upasuaji wa mifupa ukatoa ishara 30 kwa kila mwombaji katika msimu wa 2022 hadi 2023. Kwa aliyechelewa utaratibu huu ni wa heri kuliko ule wa zamani, kwa sababu ishara yake ina uzito uleule na ya yule aliyeanza mwaka wa kwanza, na inamwondolea mzigo wa kutuma maombi kwa kila programu nchini. Ubaya wake ni kwamba programu isiyopata ishara huchukulia kuwa haitakiwi, kwa hiyo anayetumia ishara zake kwa kuzifuata programu mashuhuri tu, kama wafanyavyo wengi wasio na mshauri, huenda akamaliza msimu bila usaili wa maana.

Ushindani wenyewe una chanzo ambacho mara nyingi husahauliwa katika mazungumzo ya wanafunzi, nacho ni fedha za serikali. Mafunzo ya ubingwa hugharimiwa kwa kiasi kikubwa na Medicare, bima ya umma ya wazee, na sheria ya bajeti ya mwaka 1997 iliiwekea kila hospitali kikomo cha idadi ya madaktari wanafunzi itakaolipiwa, kwa kuchukua idadi ya mwaka 1996 kama kipimo. Kikomo hicho kimelegezwa kidogo tu, kwa mfano kwa nafasi 1,000 zilizoongezwa na sheria iliyopitishwa Desemba 2020 na kugawanywa kwa miaka kadhaa. Hospitali zimeongeza nafasi kwa fedha zao wenyewe, hata uoanishaji wa 2025 ukawa na nafasi zaidi ya 43,000, lakini ongezeko hilo limekwenda zaidi kwenye magonjwa ya ndani na udaktari wa familia kuliko kwenye fani ndogo. Kwa ujumla, zaidi ya asilimia 93 ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule za kawaida za udaktari za Marekani hupata nafasi, jambo linalowafanya wageni wa mfumo huu washangae kusikia vilio. Ila katika fani kama upasuaji wa mifupa, ubongo au kurekebisha maumbile, kati ya robo na theluthi ya wanafunzi hao hao walioiweka fani hiyo mbele hukosa.

Isitoshe, fani ngumu ya leo huenda isiwe ngumu kesho. Katikati ya miaka ya 1990 habari kwamba wataalamu wa usingizi na ganzi hawapati kazi ziliwafanya wanafunzi waikimbie fani hiyo, na programu nzuri zikabaki na nafasi tupu. Leo ni mojawapo ya fani zinazogombaniwa. Tiba ya saratani kwa mionzi, iliyokuwa ikihesabiwa pamoja na magonjwa ya ngozi kwa ugumu, ilianza kukosa waombaji mwaka 2019 baada ya hofu kuenea kwamba mabingwa wamezidi mahitaji. Mfano ulio wazi zaidi ni tiba ya dharura: mwaka 2021 chama cha madaktari wa fani hiyo kilitoa makadirio kwamba kufikia 2030 kungekuwa na ziada ya karibu madaktari 8,000, na katika uoanishaji wa 2022 nafasi 219 zikabaki wazi, za 2023 zikafika 554, kisha 2024 zikashuka hadi 135. Mwanafunzi aliyehamia tiba ya dharura dakika za mwisho mwaka 2023 aliingia akipokewa kwa mikono miwili, ilhali mwenzake wa miaka michache kabla alihitaji barua maalumu na mizunguko ya ugenini miwili. Anayebadili fani kwa kufuata sifa ya fani hiyo sokoni hulenga kitu kinachosogea, tena kwa taarifa ambazo zimechelewa mwaka mmoja au miwili.

Njia zilizo wazi kwa aliyechelewa si nyingi. Ya kwanza ni kuomba fani mbili kwa pamoja, ile ngumu anayoitamani na nyingine ya akiba. Kanuni ya uoanishaji, kama ilivyoelezwa, haina tatizo nayo. Tatizo ni wanadamu. Mwombaji atalazimika kuandika maelezo binafsi mawili, kukusanya barua za aina mbili, na kukaa mbele ya wasaili wa fani ya akiba akijua kwamba wao nao wamejifunza kuwatambua wanaokuja kwao kwa shingo upande. Katika hospitali ndogo hatari huongezeka, kwani wakuu wa idara mbili hula chakula cha mchana meza moja. Pamoja na hayo, kwa mwanafunzi ambaye kwa kweli angeridhika na fani zote mbili, hii ndiyo njia yenye busara zaidi, na aibu inayoizunguka haistahili; inatokana na wazo kwamba wito wa daktari ni mmoja tu, wazo ambalo takwimu za waliobadili nia zinalikana.

Ya pili ni kuahirisha kuhitimu na kuchukua mwaka wa utafiti katika idara ya fani mpya. Mwaka huo hutoa kila kitu kilichokosekana kwa wakati mmoja, yaani machapisho, mlezi, barua na kufahamika kwa sura, na katika fani kama magonjwa ya ngozi umekuwa wa kawaida kiasi kwamba hata wasiochelewa huuchukua. Bei yake ndiyo isiyosemwa kwa sauti. Nusu ya wahitimu wenye mikopo hudaiwa takriban dola 200,000 au zaidi, nafasi nyingi za mwaka wa utafiti hulipa posho ndogo au hazilipi kabisa, na mwaka mmoja unaoongezwa mwanzoni ni mwaka mmoja wa mshahara wa bingwa unaokatwa mwishoni. Kwa mtoto wa familia yenye uwezo kuchelewa kunatibika kwa fedha. Kwa mwingine uamuzi huohuo, uliofanywa mwezi uleule kwa sababu zilezile, unaweza kuwa mwisho wa habari.

Ya tatu ni mwaka wa maandalizi. Baadhi ya fani, kama radiolojia na magonjwa ya ngozi, hudai mwaka mmoja wa tiba ya jumla kabla ya kuanza mafunzo yenyewe, na kwa ajili hiyo zipo nafasi za mwaka mmoja tu katika magonjwa ya ndani au upasuaji. Aliyekosa fani yake anaweza kuchukua mojawapo, mara nyingi kupitia mgao wa nafasi zilizobaki uitwao SOAP, ambao tangu 2012 hufanyika siku chache kati ya Jumatatu mwombaji anapoarifiwa kwamba amekosa na Ijumaa ya matokeo. Kisha huomba tena akiwa tayari kazini. Mwaka wa maandalizi katika upasuaji una sifa ya kuwa mgumu na usio na ahadi: anayeufanya hubeba zamu sawa na wenzake walio katika njia ya miaka mitano, na Julai inayofuata anaweza kujikuta hana pa kwenda.

Mwelekeo wa kubadili nao una uzito. Kutoka fani ngumu kwenda iliyo wazi zaidi, hata mwezi wa Agosti, kwa kawaida huwezekana bila kupoteza mwaka, kwa kuwa sifa zilizokusanywa kwa ajili ya upasuaji wa ubongo huwavutia pia wasaili wa magonjwa ya ndani, alimradi waridhishwe kwamba anayekuja kwao hajafukuzwa kwingine. Safari ya kinyume ndiyo inayohitaji mwaka wa ziada au bahati.

Mzigo huu haugawanywi sawa hata baina ya waliochelewa. Katika shule ambayo haina idara yake ya magonjwa ya ngozi au ya upasuaji wa ubongo, hali inayozikuta shule nyingi mpya na nyingi za osteopathia, yaani tawi la pili la elimu ya udaktari nchini Marekani ambalo mafunzo yake ya ubingwa yaliunganishwa na yale ya tawi kuu mwaka 2020, mwanafunzi hana mlezi wa kumkimbilia siku anapobadili nia, wala hana mzunguko wa nyumbani wa kujifunzia kabla ya kwenda kupimwa ugenini. Walio mbali zaidi ni waliosoma nje. Daktari aliyehitimu Muhimbili, Nairobi au Makerere huingia katika uoanishaji kama mhitimu wa kigeni, baada ya kuthibitishwa na chombo kiitwacho ECFMG, na katika kundi la wahitimu wa kigeni wasio raia wa Marekani waliopata nafasi mwaka 2025 walikuwa takriban asilimia 58, wengi wao katika magonjwa ya ndani, udaktari wa familia na magonjwa ya watoto. Aliyetoka Afrika Mashariki huwa amezoea ratiba tofauti kabisa: Tanzania na Kenya mhitimu hufanya mwaka wa mafunzo kazini, mara nyingi akafanya kazi wilayani miaka kadhaa, ndipo akaomba shahada ya uzamili ya udaktari bingwa, kwa hiyo kuchagua fani akiwa na miaka 30 ni jambo la kawaida. Miaka hiyo hiyo ya kazi, inayomkomaza kwa macho ya walimu wa nyumbani, huhesabiwa na programu nyingi za Marekani kama umbali kutoka shuleni, na programu kadhaa huweka ukomo wa miaka tangu kuhitimu.

Kuna wanaobadili fani baada ya mafunzo ya ubingwa kuanza, na hapo fedha za serikali huingia tena, safari hii kwa namna ya moja kwa moja. Medicare humpangia kila daktari kipindi cha malipo kamili kulingana na fani aliyoanza nayo, kisichozidi miaka 5. Akihama kutoka udaktari wa familia, wenye miaka 3, kwenda upasuaji wa jumla, hospitali mpya itaendelea kulipwa kwa hesabu kamili mpaka miaka yake 3 iishe, na baada ya hapo sehemu mojawapo ya malipo hayo itamhesabu kama nusu ya mtu. Baadhi ya wakurugenzi wa programu hawajali kasoro hiyo, wengine huikataa faili kwa sababu hiyo pekee bila kuisema. Kwa daktari wa kigeni aliyeko kwa viza ya J-1, kanuni za serikali humruhusu kubadili fani mara moja tu, tena ndani ya miaka miwili tangu aanze. Uhamisho wa namna hii haupitii uoanishaji wowote pale unapomwingiza mtu mwaka wa pili au wa tatu. Hufanywa kwa simu, kwa barua na kwa kujuana, kama ilivyokuwa kabla ya 1952, na nafasi inayoachwa na mtu aliyeondoka upasuaji wa jumla kwenda radiolojia kwa kawaida hujazwa na mmoja wa wale waliokuwa wakifanya mwaka wa maandalizi katika wodi hiyohiyo.